Kofia ya Kapuchini

Siku niliyomvua mwanangu ile kofia nilikuwa na mwiko wa uji mkononi. Nataka hilo lijulikane mapema, maana huku Levolosi, Arusha, wameshaongeza chumvi: eti nilishika panga, eti nilimpasua Bruda kichwa, eti nilimtukana Bikira Maria. Nilikuwa na mwiko. Ilikuwa zamu yangu ya kupika uji wa watoto, kama kila mzazi wa shule ile alivyokuwa na zamu yake, na nilikuwa nimeinama kwenye kibanda cha mabati kinachopakana na darasa. Ilikuwa Julai, baridi ya Meru imeshuka mpaka Daraja Mbili, na moshi haukutaka kutoka.

Bruda, mwenye shule, alikuwa akimtembeza mgeni, mama wa Kizungu mwenye kamera, wa mambo ya misaada. Alimwonyesha ubao, picha za wanyama ukutani, choo kipya. Wakafika mlangoni pa darasa, pale alipokaa mwanangu Baraka, mtoto wa miaka sita, amevikwa kofia ya kahawia iliyochongoka, imemfunika mpaka nyusi, imefungwa kwa kamba chini ya kidevu. Yule mama akauliza, huyu ni nani? Bruda akamjibu kwa Kiingereza: huyu ni kapuchini wangu. Alipoona mgeni hajaelewa, akaongeza: si yule wa kanisani, mama, ni yule wa juu ya mti. Akajikuna kwapa, akatoa mdomo mbele.

Kapuchini wa juu ya mti ni tumbili. Yule mama akapiga picha.

Kiingereza kile nilikielewa neno kwa neno. Alinifundisha yeye mwenyewe, na alikuwa amesahau.

Nilitoka jikoni. Nikaishika ile kofia nikaivuta, kamba ikamkaba mtoto kwa sababu fundo lilikuwa limekazwa, nikapiga magoti nikalikata kwa meno. Baraka alikuwa analia bila sauti, kama redio iliyopunguzwa mpaka mwisho.

"Mama Baraka!" Bruda akasema. "Mbele ya wageni?"

"Tumbili ni wewe," nikamwambia, "na shule yako, na huyo anayekupiga picha."

Nikaondoka na mtoto mkono mmoja na kofia mkono wa pili. Uji uliungua. Watoto wa watu walishinda na njaa siku ile, na hilo nalo wameliweka juu yangu. Sawa. Nimelibeba.

Sasa niseme huyo Bruda ni mtu gani, kwa sababu kila ninayemweleza anauliza: "Bruda? Bruda huyu huyu? Bruda hawezi."

Anaweza. Nimemjua tangu kichwa changu kinafika kwenye kamba ya kiuno chake. Alikuja kwetu Tengeru akiwa bruda kweli, mtawa wa shirika la Wakapuchini, joho la kahawia mpaka kwenye vifundo, kamba nyeupe, makubazi ya tairi. Joho lile lilikuwa na kofia iliyolala mgongoni kama mfuko, na humo alificha peremende. Sisi watoto wa mafundisho ya Jumamosi tulimnyemelea kwa nyuma, tunaingiza mkono, naye anajifanya anaangalia migomba.

"Nani ananipekua?" anauliza bila kugeuka. "Malaika au mwizi?"

Ukisema malaika, anakunyang'anya. "Malaika hawali peremende. Rudisha." Ukisema mwizi, unaondoka nayo. Mimi nilijifunza mapema kusema mwizi. Mpaka leo nikiulizwa nasema lilivyo, na asinishangae sasa nikilisema juu yake.

Alitoa funza kwenye miguu ya watoto kwa pini, anapiga mluzi, mkono mwepesi kuliko wa mama yako. Akimaliza anapaka mafuta ya taa, halafu anakuzaba kofi kwa sababu huvai viatu, na anajua kabisa huna. Ndivyo alivyokuwa. Mkono wa kutibu na mkono wa kuchapa ulikuwa mkono mmoja, na hukujua unakuja na lipi.

Nilipofika kidato cha pili alitufundisha Kiingereza jioni, wasichana wachache, bure. Kiingereza chake kilinyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Aliniambia: "Wewe una kichwa. Usikifanye cha kubebea ndoo." Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, nikaolewa na dereva wa watalii, nikabeba ndoo. Lakini Kiingereza kilibaki.

Halafu akatoka utawani. Kwa nini, hakuna ajuaye. Wapo wanaosema mwanamke, wapo wanaosema mdomo. Wenzake walipoulizwa walijibu kwamba alitoka kwa hiari na wanamwombea, basi. Alipotea miaka kadhaa upande wa mlimani. Enzi ya ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa kila mtu, mwenye chumba kimoja akafungua duka la mitumba na mwenye vyumba viwili akafungua shule. Bruda alipata viwili Daraja Mbili. Akaweka kibao, Inglishi midiamu, na chini yake mchoro wa mtoto wa Kizungu anayesoma kitabu. Tukajaa. Bruda si bruda tena, lakini nani angemwita vinginevyo? Wazee walimwamkia "Tumsifu Yesu Kristo" barabarani, naye akaitikia kama mwenye mali yake.

Alibaki na tabia za kitawa jinsi mtu anavyobaki na funguo za nyumba aliyohama. Ijumaa hali nyama, lakini Alhamisi anakula ya siku mbili. Analala kwenye ubao. Ana jozi moja ya viatu. Aliwahi kuvua koti lake akampa mlevi aliyelala mtaroni, akatembea na fulana kwenye baridi ile, na asubuhi yake akamrudisha nyumbani mtoto wa watu kwa sababu sweta lake si la rangi ya shule. Mfupi, mgongo umeanza kukunjika, pua inavuja kuanzia Mei mpaka Agosti, na masikio makubwa yaliyosimama utadhani kaitwa. Nayataja masikio kwa makusudi. Kama ni mchezo wa kufananisha watu na wanyama, hata mimi naujua.

Na alipenda maneno kuliko watu. Neno likimjia alilimenya kama ndizi. Siku moja alipita kwangu akamkuta jirani yangu Bi Mwanaidi, mtu wa Pangani, anayekaanga vitumbua barazani. Bi Mwanaidi hamwogopi mtu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Hivi Bruda, wanakuita mtawa, umetawa wapi wewe? Kwetu mtawa ni mwanamke aliyetulia ndani, hata dirishani haonekani. Wewe kutwa uko njiani."

Bruda alicheka mpaka akashika nguzo. "Basi mimi ni mtawa niliyekosa ndani," akasema. Akanunua vitumbua, akala kimoja, vingine akawagawia watoto waliopita. Nakumbuka nilimpenda siku ile. Naliandika hili kwa hasira.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa Kapuchini. Alitueleza katika kikao cha wazazi, amesimama mbele yetu na ile kofia mkononi. Alisema neno lenyewe kwa Kitaliano linatokana na kofia, kofia ya joho tu. Mabruda wale wa kwanza walipopita mitaani wamejifunika hivyo, watoto waliwazomea: kofia, kofia! Wao hawakukasirika. Walilichukua tusi wakalifanya jina. "Mnaona?" akasema. "Unyenyekevu ni kuvaa tusi mpaka liwe nguo." Tulipiga makofi. Mimi pia.

Baba Baraka akanyoosha mkono, akasema hotelini anakowashushia wageni kuna kahawa inaitwa hivyohivyo, ina povu juu. Wazazi wakacheka. Bruda akasema ni kweli, rangi ya kahawa yenye maziwa ni rangi ya joho, hata yeye ananyweka. Tukacheka zaidi. Zikawa maana tatu: mtawa, kofia, kahawa. Ya nne hakuitaja.

Utaratibu, niliokuja kuujua baadaye, ulikuwa hivi. Mtoto akiteleza akasema Kiswahili au Kimeru shuleni, anavikwa kofia na anaitwa Kapuchini. Anakaa mlangoni kwenye upepo. Hataitwa jina lake, si na mwalimu, si na mwenzake, mpaka aivue. Na ataivuaje? Amnase mwenzake akiteleza, asimame, amshtaki kwa sauti, kwa Kiingereza, sentensi nzima. Hapo kofia inahama. Bruda alisema inawafundisha kusikiliza. Ni kweli. Walisikilizana kama polisi.

Baraka ana kigugumizi. Anazaliwa nacho mtu, si ugonjwa. Nyumbani alikuwa anaongea kutwa, anakwama, anapiga mguu chini, anaendelea. Jina lake mwenyewe lilimpa tabu, ile B ya mwanzo, lakini alilisukuma mpaka likatoka, na likitoka alicheka kama kafunga goli. Siku aliyovikwa kofia, ikabaki hapo. Watoto wakateleza mbele yake, yeye akasimama kuwashtaki, neno likagoma. Bruda anahesabu kwa vidole, vidole vinaisha, anamkalisha. Wengine wakajua. Kofia ikiwa kwa Baraka, kila mtu yuko salama, kwa hiyo wakawa wanaongea Kiswahili pembeni yake makusudi, wanamcheka usoni. Muhula mzima shule ile ilikuwa na Kapuchini mmoja tu.

Nami nilijua nini? Nilijua kwamba mtoto wangu anakuja na kofia ya kahawia. Nikamuuliza Bruda getini. Akaniambia, uso mkavu kabisa: "Mama Baraka, huyu ana wito. Ananyamaza. Mtoto akinyamaza, ameanza kusali."

Nikaamini! Nilikimbia mpaka kwa Bi Mwanaidi, nikamwambia mwanangu ana wito. Akasema, "Hebu mwite aniamkie huyo mwenye wito." Nikamwita. Baraka akasimama mlangoni, akainamisha kichwa, hakusema kitu.

"Huyu hasali," Bi Mwanaidi akasema. "Huyu anaogopa. Mwana wangu, umesoma mpaka wapi vile?"

Nilinuna, tukawa hatusemeshani. Jumamosi nikamchukua Baraka mpaka studio ya Mhindi mmoja mjini, nikampigisha picha na kofia yake, mikono imekutanishwa kifuani. Mpiga picha alimwambia acheke. Hakucheka. Nilisema, mwache, ndivyo walivyo. Nikaiweka kwenye fremu, nikaitundika juu ya redio. Wageni wangu wote niliwaonyesha. Ndiyo maana nilipoona yule mama wa Kizungu ameinua kamera, kuna kitu kilikatika. Picha ile ile. Yeye alijua anapiga nini. Mimi nililipia.

Baada ya ugomvi wa mwiko, nilisubiri Bruda aje. Nilidhani atakuja. Mtu aliyetoa funza mguuni mwangu, nilidhani atakuja asimame mlangoni hata aseme amekosea. Hakuja. Baraka akakaa nyumbani bila kofia, na bila neno. Alinionyesha vitu kwa kidole: maji, mkate, nje. Baba yake aliporudi kutoka porini akamnyanyua, akamwambia, "Niambie, dume langu." Mtoto akamtazama tu mdomo. Ndipo nikajifunga khanga, nikaenda kwa Bruda nyumbani kwake, nyuma ya shule.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kile kitanda chake cha ubao, anamenya viazi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Sikuitikia.

"Kaa basi."

"Nimesimama."

Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia joho lake la zamani. Mabega yapo, mikono ipo. Kofia hakuna. Imekatwa kwa mkasi, pindo limechanika. Nilikuwa nimeishika nyumbani siku zote zile na sikuitambua. Ndiyo ile ile niliyokuwa nikiitia mkono utotoni, kutafuta peremende.

"Hiyo ya tumbili," nikasema, "nani alikufundisha?"

Aliendelea kumenya kiazi mpaka kikaisha. Kisha akaniambia. Alipotoka utawani hakuwa na nguo nyingine ya baridi, akapata kazi ya kupandisha mizigo ya watalii Mlima Meru, akawa anapanda na joho. Msituni kuna mbega, weusi, wana joho jeupe mgongoni. Mgeni mmoja akawaelezea wenzake kwamba kuna tumbili wa mbali anayeitwa kapuchini, amepewa jina hilo kwa sababu kichwa chake kinafanana na kofia ya hao watawa. Wakamsimamisha chini ya mti wa mbega. Wakamwambia avae kofia. Ajikune.

"Ukajikuna?"

"Nikajikuna. Wakacheka, wakanirushia peremende."

"Ukaokota?"

"Niliokota, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo tangu nimekuwa mtu mzima. "Kila safari. Walielezana, wakawa wananiagiza kwa jina: tunamtaka yule kapuchini. Nilivaa mpaka nikapata cha kuanzia shule. Kuna mtu alikuja kwa mwajiri wangu na mwiko?"

Ningeweza kumwonea huruma. Naijua huruma, ninayo. Lakini alikuwa na viazi mkononi na mimi nilikuwa na mtoto bubu.

"Kwa hiyo ukamvisha wangu."

"Ili akomae. Dunia inayokuja ni ya Kiingereza, Mama Baraka. Asiyejua kukisema atapanda na mizigo. Bora nimcheke mimi."

"Hukumcheka wewe. Ulimchekesha Mzungu."

Akafuta pua kwa mkono wa shati. Kisha akasema taratibu, kama anayetoa zawadi: "Mlete Jumatatu. Hatavaa tena."

"Na nani atavaa?"

"Yuko mwingine," akasema. "Siku zote yuko mwingine."

Nilikuwa nimekwenda pale nipatane naye. Naapa. Kama angenyamaza baada ya kusema mlete Jumatatu, pengine ningemleta, na mngekuta mtoto wa mwenzangu mlangoni na mimi napika uji. Lakini alisema, na alisema bila haya, huku anachukua kiazi kingine.

Nikamwacha. Asubuhi nikamchukua Baraka tukaenda ofisi ya elimu. Karani alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi, akanisikiliza bila kunikatiza. Akavuta karatasi. Akainama kwa mtoto, kwa upole, sauti ya kumbembeleza:

"Haya baba, unaitwa nani?"

Nilimwona Baraka anakusanya mdomo. Nikasema moyoni, sukuma, mwanangu, piga mguu, sukuma. Hakupiga mguu. Neno likatoka lenyewe, safi, bila kukwama hata mahali pamoja:

"Kapuchini."

Karani akanitazama. "Ni jina la ubatizo?"

Nikaomba kalamu, nikaandika barua mwenyewe. Alipoisoma aliniambia nitoe kifungu cha tatu, hakifai kwenye barua ya serikali. Sikukitoa. Niliyoandika ni haya.

Kwa Afisa Elimu,
Arusha.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWENYE SHULE YA CHEKECHEA, DARAJA MBILI

Mimi ni mzazi, mkazi wa Levolosi. Ninamlalamikia mwenye shule tajwa. Jina lake silijui. Watu wote tunamwita Bruda, ingawa si bruda.

Amekuwa akiwavisha watoto kofia kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani kwao, na kuwanyima majina yao. Mwanangu ana kigugumizi na alivishwa muhula mzima. Jina analoitwa shuleni lina maana nne. Wazazi tulielezwa tatu. Ya nne ni tumbili, nami nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe shuleni hapo, kwa Kiingereza. Nimeambatanisha kofia yenyewe, na picha ya mtoto akiwa ameivaa. Picha hiyo nimeipigisha mimi, kwa sababu niliambiwa ni sifa.

Naomba yafuatayo:

Kwanza, kofia isirudishwe shuleni, na isishonwe nyingine.

Pili, asitafutwe mtoto mwingine wa kukaa mlangoni. Mwenye shule amenithibitishia kwamba atatafutwa.

Tatu, mwenye shule aivae kofia hiyo mbele ya watoto wote, akae mlangoni, na asiivue mpaka amwite mwanangu kwa jina lake na mwanangu aitike. Najua aliwahi kuvalishwa. Avae tena.

Jina la mtoto ni Baraka. Nimeliandika mimi kwa sababu mwenyewe, alipoulizwa ofisini kwako leo, alitaja lile lingine.

Mama yake.